Wakuu, kwotabeki bora wa muda wote NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) ni nani? Tuache kwanza kuhesabu pete

Mlinzi wa Zamu

Wakuu habarini. Naomba tulijadili hili kwa hoja maana kazini kwetu huku Massachusetts kila nikiligusa jibu ni moja tu, Tom Brady ana pete saba (pete ndo zawadi ya ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi), basi mjadala umeisha. Mi sikubaliani. Pete ni ya timu. Huu mchezo una watu kumi na mmoja wa kushambulia na kumi na mmoja wengine kabisa wa kuzuia, kwotabeki, yaani yule mrusha mipira anayeongoza mashambulizi, akimaliza zamu yake anaenda kukaa benchi anaangalia tu, hawezi kumkaba mtu hawezi kuokoa chochote. Sasa fainali ambayo difensi (hao wa kuzuia) ndo imeshinda unampaje yeye peke yake sifa?

Mchukueni kwotabeki Peyton Manning. Msimu wa 2013 akiwa Denver karusha tachidauni 55 (yaani pasi za kufunga, mpira unadakwa mwisho wa uwanja wa wapinzani) na yadi 5,477, kabla yake hakuna aliyewahi kufika hapo, na timu nzima ikafunga pointi 606. Super Bowl wakapigwa na Seattle 43-8, hamna pete. Miaka miwili baadae mwili umeshachoka, msimu wa 2015 karusha tachidauni 9 na mipira 17 imedakwa na wapinzani, mpaka katikati ya msimu akawekwa benchi. Na msimu huohuo ndo akabeba ubingwa, kwasababu Von Miller na wenzake wa difensi walimvuruga Cam Newton, kwotabeki wa wapinzani, usiku mzima ikaisha 24-10, Manning mwenyewe siku hiyo ana yadi 141. Kwahiyo kwa hesabu ya pete Manning wa 2015 ni bora kuliko Manning wa 2013. Hiyo inaingia akilini kweli?

Kipimo changu mi ni hiki: mtoe huyo mtu uone timu inabaki na nini. 2010 Colts, timu ya Manning kabla ya Denver, ilishinda 10 ikafungwa 6. 2011 akakosa msimu wote sababu ya shingo, Colts hiyohiyo ikashinda 2 ikafungwa 14! Akahamia Denver 2012, timu iliyoshinda 8 ikafungwa 8 ikaenda 13-3. Brady yeye akiwa Patriots alipoumia goti mechi ya kwanza ya 2008 akaingia Matt Cassel, mtu ambaye hakuwa ameanza mechi tangu akiwa sekondari, na Patriots ikashinda mechi 11.

Kwangu namba moja ni Manning. Karibuni.

Baba Wawili

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwa Cassel umeikata habari katikati. Patriots hiyo mwaka mmoja kabla ilishinda mechi zote 16 za msimu na Brady karusha tachidauni 50. Katoka yeye zimebaki 11 na mtoano hawakuingia. Mechi tano zimepotea kwasababu ya mtu mmoja, we unaona ni kidogo? Na hao Colts hawakuwa na mbadala wa maana, walienda kumwita Kerry Collins ambaye alishastaafu, hapo unapima uongozi ulivyolala humpimi Manning.

Af njoo kwenye mtoano, ambako ndo mtu anajulikana. Manning kashinda 14 kafungwa 13. Brady kashinda 35 kafungwa 13. Na kama shida ni kwamba kocha wake Belichick ndo alikuwa anambeba, basi 2020 imeshajibu, Brady kaenda Tampa Bay, timu ambayo haikuwa imeonja mtoano tangu msimu wa 2007, kaenda ana miaka 43, mwaka wa kwanza tu kabeba, huku Patriots na Belichick wao wakamaliza 7-9. Huyo ni mtu ambaye kwenye drafti ya 2000 (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) walichaguliwa watu 198 ndo wakamkumbuka.

Otieno wa KC

Mimi naishi Kansas City na majirani wakisoma hii watanikasirikia ila hapana, Mahomes, kwotabeki wa timu ya hapa, bado, na Brady pia hapana. Ni Joe Montana wa San Francisco. Fainali nne, ameshinda zote nne, tachidauni 11 na hakuna hata mpira mmoja uliodakwa na adui. Hata mmoja! Brady amefungwa fainali tatu, mbili kati ya hizo na Giants, na ile ya Februari 2008 waliingia wakiwa hawajapoteza mechi yoyote.

Na mkumbuke Montana alicheza lini. Miaka ile ya themanini kwotabeki alikuwa anagongwa vibaya na refa anaangalia tu, siku hizi ukimwangukia kwa uzito wote ni adhabu, ukimgusa magoti adhabu, ukimgonga kichwani adhabu. Montana alifanyiwa upasuaji wa mgongo Septemba 1986, madaktari wakamshauri aache mpira, Novemba akawa uwanjani. Halafu ile ya Januari 1989 dhidi ya Cincinnati, wako nyuma 16-13, zimebaki dakika tatu na sekunde chache, wako yadi 92 kutoka kwenye lengo, na jamaa akawapeleka polepole pasi fupi fupi mpaka akampata John Taylor zikiwa zimebaki sekunde 34. Nimeiangalia hiyo mara nyingi sana na bado sioni mahali ambapo anaharakisha. Utulivu huo sijauona kwa mtu mwingine, na hapa nimemwona Mahomes kwa macho yangu.

Mahomes nampenda bana, pete tatu kabla ya miaka 29 si mchezo, lakini Brady alikuwa nazo tatu akiwa na miaka 27. Na hii ya Februari 2025 Eagles waliwalaza 40-22. Muda anao.

Mlinzi wa Zamu

@Otieno wa KC kwa kipimo changu Montana ndo anaanguka mapema kuliko wote. Alipoondoka San Francisco nani aliingia? Steve Young. Na Januari 1995 Young karusha tachidauni 6 kwenye fainali moja, 49-26. Ule mfumo wa pasi fupi wa kocha Bill Walsh na mdakaji Jerry Rice yupo pale pembeni, kwotabeki wawili tofauti wametajirika nao. Sisemi Montana alikuwa wa kawaida, nasema alipotoka nyumba ilibaki imesimama.

@Baba Wawili hizo 35 naziheshimu lakini ndani yake zimo mechi kama ya Februari 2002, Brady yadi 145, beki Ty Law ndo kadaka mpira wa Rams kaenda nao mpaka mwisho, na mpigaji Vinatieri kamaliza kwa mguu. Imo na ya Februari 2019, 13-3, Brady hakurusha tachidauni hata moja. Pete mbili hizo zinahesabiwa kwake sawasawa na zile alizozipigania kweli.

Mzee wa Baltimore

Vijana mnaanzia mjadala katikati. Colts hiyo ya Manning kabla haijahamishwa usiku kwa malori 1984 kupelekwa Indianapolis ilikuwa hapa Baltimore na kwotabeki wake aliitwa Johnny Unitas. Steelers walimtema 1955 akawa anacheza ligi ya mtaani huku anafanya kazi ya ujenzi. Desemba 1958 pale Yankee Stadium akaifikisha fainali kwenye muda wa nyongeza na kuimaliza 23-17 dhidi ya Giants, taifa zima linaangalia kwenye televisheni, na mechi ile ndo iliyowafanya Wamarekani waupende huu mchezo. Mechi 47 mfululizo alirusha angalau tachidauni moja, rekodi ikakaa mpaka Drew Brees alipoivunja 2012. Na michezo alikuwa anaita mwenyewe kichwani kwake, hakuna kocha anayemnong'oneza kwenye kofia kama hawa wa leo.

Dada Mwanaidi

Naomba niongeze kitu ambacho hamjagusa. Orodha zote hizi zinahesabu waliopewa nafasi. Kwotabeki Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl (mechi kubwa ya vyuo) Januari 1978, na kwenye drafti ya mwaka huo hakuna timu iliyomchagua, kwasababu wakati ule mtu mweusi walimtaka akacheze nafasi nyingine, ukwotabeki waliona ni kazi ya akili na hiyo akili hawakuamini anayo. Akakataa kubadilisha, akaenda Kanada, akiwa na Edmonton wakabeba Grey Cup (ubingwa wa Kanada) tano mfululizo. NFL walimpokea 1984 kule Houston akiwa tayari na miaka 27, na bado alistaafu na yadi zaidi ya 49,000 na 2006 akaingia ukumbi wa heshima, mweusi wa kwanza kwenye nafasi hiyo kwa zama hizi. Ile miaka sita ilienda wapi kwenye hesabu zenu? Doug Williams, kwotabeki mwingine mweusi, naye kwenye fainali ya Januari 1988 robo moja tu karusha tachidauni nne, Denver wakalala 42-10. Wangapi wengine walikubali kuhamishwa nafasi na hatutawajua kamwe?

Nikiulizwa jina moja nitasema Brady, rekodi ni rekodi. Ila nikiulizwa nani alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, jibu la uhakika halipo, na sababu ni hiyo.

Mlinzi wa Zamu

Dada Mwanaidi hapo kwa Moon umenipa kitu kikubwa, leo nitakaa nitafute mechi zake za Houston niziangalie vizuri.

Baba Wawili

Dada umesema kweli tupu. Ila Mlinzi bado hujanijibu. Fainali ya Februari 2017, robo ya tatu, Atlanta wanaongoza 28-3, stendi nzima inajua imeisha, na Brady anarudi yadi 466 wanashinda 34-28 kwenye muda wa nyongeza. Hapo difensi ndo ilirusha mpira? Manning lini kafanya hivyo?

Mlinzi wa Zamu

Januari 2007. Yuko nyuma 21-3, akarudi akashinda 38-34. Na upande wa pili alikuwa Brady huyohuyo.

Baba Wawili

Hiyo ilikuwa nusu fainali mkuu.