Ujumbe uliofowadiwa kwenye grupu la ukoo: chanzo chake kinatafutwaje?

Mlezi wa Grupu (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Naomba utaratibu wa kukagua jumbe zinazofowadiwa WhatsApp, hasa zile za "watoto wanaibwa, gari jeupe limeonekana". Kwenye grupu la ukoo zinaletwa na watu wazima wanaoheshimika, na ukiuliza chanzo unajibiwa "nimetumiwa na mtu wa uhakika". Picha na video nianzie wapi? Barua zenye mihuri je, na sauti? Na mzee anasahihishwaje mbele ya wajukuu zake?

Fundi Picha
Mkuu, huyo mtu wa uhakika naye kafowadi tu. Uaminifu wake hauhamii kwenye ujumbe.

Video isimamishe sehemu tatu au nne: mwanzo, penye kibao cha duka au namba ya gari, na panapoonekana mtaa mzima. Piga skrinishoti, kata maandishi yaliyobandikwa juu yake, kisha tafuta kwa Google Lens. Ikikuletea bidhaa za kuuzwa, nenda TinEye (tovuti ya kutafutia picha), upange majibu kuanzia ya zamani zaidi. Picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, igeuze upya kabla ya kutafuta. Ukiikuta mtandaoni kabla ya tukio linalodaiwa, madai yameanguka. Usipoikuta, bado hujathibitisha chochote. Hapo ndipo wengi wanateleza.

Usihangaike kutafuta tarehe ndani ya faili. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kawaida. Mwombe aliyeipiga aitume kama hati, la sivyo hutazipata.

Mfano wa kuujua ni India, 2018. Ilizagaa video ya watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto mtaani, na watu wasio na hatia waliuawa na umati wenye hasira. Video yenyewe ilikuwa tangazo la usalama wa watoto kutoka Karachi, Pakistan. Kwenye tangazo kamili mtoto anarudishwa na bango la onyo linaonyeshwa. Aliyeisambaza alikata mwisho huo. Kwa hiyo video ikikatika ghafla, tafuta iliyo ndefu zaidi.

Bi Mkaguzi
Nyongeza kuhusu alama ya WhatsApp juu ya ujumbe uliofowadiwa. Mishale miwili maana yake ujumbe umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unafowadiwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Lakini mtu akinakili maandishi na kuyabandika, au akituma skrinishoti, alama inapotea. Kukosekana kwa mishale kusikupe imani.

Barua: soma tarehe pamoja na siku. "Jumatatu" iliyoangukia Alhamisi kwenye kalenda inatosha kukutilia shaka. Angalia kumbukumbu namba, kisha kama aliyesaini alikuwa na cheo hicho siku hiyo. Mhuri usikutishe, unakatwa kutoka barua nyingine kwa dakika mbili. Kiungo nacho kisome kuanzia mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, ukirudi kushoto: afya.go.tz.jinajingine.com ni mali ya jinajingine.com, si ya serikali.

Mlezi wa Grupu
Ahsanteni sana. Sauti bado.

Bi Mkaguzi
Sauti ndiyo ngumu, haitafutiki kama picha. Andika sentensi moja isiyo ya kawaida, maneno sita hadi nane, uitafute ndani ya alama za kunukuu Google na Facebook. Mara nyingi maneno yaleyale yapo kwenye ujumbe wa maandishi wenye jina la mji mwingine. Kisha orodhesha vinavyoweza kuulizwa: hospitali gani, kituo gani cha polisi, siku gani. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, kamwe si iliyotajwa ndani ya sauti. Isipotaja mahali, siku wala jina, huna cha kukagua, basi isipite kwako.

Mwanaukoo
Kuhusu mzee: mfuate inboksi kwanza. "Shikamoo babu, ile video nimeikuta, ni ya zamani na ya nchi nyingine, kiungo hiki hapa." Mwombe yeye mwenyewe aweke masahihisho. Akikubali, ayaweke kwa kuujibu ujumbe uleule ili anayeusoma kesho avione vyote pamoja. Wewe kama admini unaweza kuufuta kwa wote, lakini ukifuta kimyakimya walioutazama watabaki wakiuamini. Na usiirudishe picha ikiwa safi: ipige mstari mwekundu katikati na neno SI KWELI, kwa herufi kubwa ambazo mtu hawezi kuzikata pembeni.