Ushauri jamani: nataka kumpeleka mama Alaska kwa meli akaone barafu

BintiTaveta

Habari zenu wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya, leo imebidi niandike.

Naishi Minneapolis, nina grinikadi. Mama yangu ana miaka 68, yuko Taveta, na atakuja kunitembelea mwishoni mwa Aprili. Viza yake ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi na bado iko hai. Sasa huyu mama amekua akiuona Kilimanjaro kila asubuhi mawingu yakifunguka. Mwaka jana kwenye simu akaniambia, "Ile nyeupe nimeitazama tangu utoto, hata siku moja sijaishika. Na yenyewe inaisha." Neno hilo limenikaa. Kupanda mlima hawezi, magoti yanamsumbua na ana presha. Ndipo nikawaza meli za kitalii za Alaska.

Nimepata safari ya siku saba, kutoka Seattle na kurudi Seattle. Inapita Juneau, Skagway, Ketchikan, halafu Victoria jioni ya mwisho. Nina dola 5,500 za watu wawili, nauli ya ndege kando. Maswali yangu: tuchukue chumba chenye roshani au cha ndani? Mwezi gani mzuri? Meli kubwa au ndogo? Ofa inaisha Ijumaa na kidole kiko kwenye kitufe cha kulipa.

Mlalahoi254

Dola 5,500 kuangalia barafu? Dada, hapo Voi unapata kiwanja na chenji inabaki. Barafu fungua friji.

MzeeWaKent

Mlalahoi, mwache mtoto amfurahishe mamake.

BintiTaveta, toa kidole kwenye hicho kitufe kwanza. Hujasema neno moja kuhusu viza ya Kanada. Victoria ni Kanada. Wewe mwenye grinikadi huhitaji viza, beba pasipoti ya Kenya iliyo hai pamoja na kadi yenyewe. Mama mwenye pasipoti ya Kenya na viza ya Marekani anahitaji viza ya Kanada, hata asiposhuka melini pale Victoria, hata akilala kitandani mpaka meli iondoke.

Nakwambia hivi kwa sababu yalimkuta shemeji yangu. Tulifika naye bandarini Seattle, mizigo imeshachukuliwa, watu wanapiga picha. Binti wa kaunta akafungua pasipoti, akageuza kurasa mbele, akarudi nyuma, akageuza tena. Akauliza, "Viza ya Kanada iko wapi?" Basi. Sisi tulipanda, yeye alirudi nyumbani Kent, hapo jirani na Seattle, na teksi, na pesa haikurudi hata senti. Kampuni ilisema karatasi ni jukumu la msafiri, na kweli imeandikwa kwenye masharti, yale ambayo hakuna anayesoma.

BintiTaveta

Mungu wangu. Mimi nilidhani maadamu tunaanzia Marekani na kuishia Marekani, ni safari ya ndani tu. Kwani hakuna meli isiyopita Kanada?

Kibarua wa Bahari

Dada, salamu kutoka Likoni. Mimi nimefanya misimu sita ya Alaska, mhudumu wa vyumba, kwa hiyo nitakujibu nilichokiona kutoka chini ya meli mpaka juu.

Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Meli yenye bendera ya kigeni ikichukua abiria bandari ya Marekani, ikazunguka bandari nyingine za Marekani na kuwarudisha pale pale, lazima njiani iguse bandari ya nchi ya nje. Na hizi meli kubwa unazoziona karibu zote zina bendera ya Bahama, Panama, Bermuda, Uholanzi na kadhalika. Kwa hiyo ile Victoria ya jioni haikuwekwa kwa uzuri wake, ingawa ni mji mzuri. Imewekwa ili sheria itimie. Ukianzia Vancouver ndiyo kabisa, uko Kanada tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwa mama na barafu yake, maana hapo ndipo watu hukosea. Mnachagua meli kwa kuangalia bwawa la kuogelea na sinema. Angalieni ile siku ya barafu imeandikwa wapi. Ratiba yako haijaitaja, na safari za Seattle hazifanani.

Glacier Bay ndiyo mama yao. Ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoingia kwa siku ni mbili tu, basi si kila kampuni ina nafasi. Holland America na Princess wanazo nyingi. Asubuhi askari wa hifadhi wanapanda melini kwa boti, wanakaa nanyi siku nzima wakieleza kwa kipaza sauti. Mwaka 1794 nahodha Vancouver alipopita, barafu ilikuwa imejaa karibu ghuba yote. Mwanamazingira John Muir alipofika 1879 ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita. Mnapita kwa meli mahali palipokuwa barafu tupu, tena juzi tu kwa hesabu ya dunia.

Barafu ya Hubbard nayo ni kubwa, uso wake unakaribia kilomita 10, na yenyewe badala ya kurudi nyuma inasogea mbele. Mwaka 1986 ilifunga mdomo wa ghuba ya pembeni ikageuka ziwa kwa miezi kadhaa. Shida ya Hubbard, vipande vikijaa majini nahodha anakaa mbali, mnaiona kama ukuta wa nyumba ya jirani.

Endicott Arm ni ghuba nyembamba yenye barafu mwisho wake, milima inakubana pande zote mbili, inapendeza. Jirani yake Tracy Arm, Agosti 2025 mlima uliporomoka baharini ukatoa wimbi kubwa. Ukiona tangazo la zamani linaitaja, uliza upya.

Roshani? Kwa siku ya barafu haina kazi sana. Nahodha husimamisha meli mbele ya barafu halafu anaizungusha taratibu ili kila upande uone. Chukua chumba cha ndani, weka hela kwa mambo ya Juneau nitakayokueleza. Ila kama mama ni mtu wa kuchoka na baridi, roshani itamfaa, akae amejifunika blanketi na chai yake.

UmmuNasra

Kaka Kibarua, samahani nadandia uzi. Chakula halali kinapatikana? Na swala zinakuwaje huko, nasikia jua halizami?

Kibarua wa Bahari

Waambie kampuni mapema kabla ya safari, miezi miwili hivi, halafu usiku wa kwanza zungumza na mkuu wa mgahawa. Samaki hawakosekani. Jua linazama, ila mwisho wa Juni Juneau magharibi inaingia baada ya saa nne usiku na jua linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Hapo katikati giza lenyewe halikamiliki. Muulize shekhe wako kuhusu isha kabla hujaondoka, usingoje kuuliza ukiwa baharini kwenye intaneti ya kulipia.

Na hilo la simu wote mlisikie. Mtandao wa melini si ule wa nchi kavu. Zima data mkishaondoka bandarini. Kuna jamaa wa jikoni alipiga simu Kilifi dakika chache tu kumpa pole mtu, mshahara wa wiki ukaenda.

DaktariWaMtaani

Mimi nitasema la afya tu. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye sanduku, maana sanduku hulipata mlangoni mwa chumba saa nyingi baadaye. Kata bima ya safari inayolipia na kusafirishwa kwa dharura. Zahanati ya melini ipo lakini bei yake itampandisha presha hata asiye nayo. Na Juneau haina barabara ya kutoka nje, ni ndege au maji tu, kwa hiyo usidhani utakodi gari ukimbie mji mwingine.

Kichefuchefu: njia ya ndani kati ya visiwa imetulia kama ziwa. Lakini meli nyingi za Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari wazi, na usiku huo hutikisika. Safari zinazoanzia Vancouver hupita kwa ndani zaidi. Kwa mama mwenye magoti mabovu hilo si jambo dogo, kutembea kwenye korido inayoyumba.

MamaChapati

Mwezi wa tano mvua inakuwa chache kidogo na bei iko chini. Ila Ketchikan usiiamini mwezi wowote, inanyesha karibu milimita 3,800 kwa mwaka. Sisi tulishuka na miamvuli, upepo ukaigeuza yote. Nunua makoti ya mvua yenye kofia. Na chini yake nguo tabaka tabaka. Mama mkwe alivaa kitenge juu ya suruali ya sufu, akapigwa picha kuliko nyangumi.

Nyangumi tuliwaona Juneau, wale wenye nundu. Ni aina ile ile inayopita Watamu kuanzia Julai, ingawa wale wa kwetu wanatoka kusini na hawa hushuka Hawaii wakati wa baridi.

BintiTaveta

Asanteni sana, natamani kulia. Ile ofa nimeiacha, na kweli nilipoisoma vizuri haikuwa na siku ya barafu kabisa, ilikuwa bandari tu! Kibarua, ulisema Juneau. Mama anataka kushika. Kutoka melini atashika vipi?

Kibarua wa Bahari

Hatashika. Meli inasimama mita mia kadhaa mbali. Atakachopata pale ni sauti. Kwanza unaona kipande kimeng'oka na kuanguka, kimya kabisa, kama picha. Halafu ndipo mlio unafika, kama radi, na maji yanainuka. Watu wote juu ya sitaha husahau kupumua. Ukisikiliza vizuri baada ya hapo, vipande vidogo vinavyoelea pembeni vinalia tik tik tik, ni hewa ya zamani iliyobanwa ndani inatoka. Na rangi ni bluu, si nyeupe. Barafu iliyogandamizwa miaka mingi hunyonya mwanga mwekundu, bluu ndiyo inabaki. Mwandae mama, asije akadhani wametia rangi.

Kushika ni Juneau. Kuna barafu ya Mendenhall, kilomita kama 20 kutoka mjini, basi zinakwenda. Unaiona ng'ambo ya ziwa. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Nugget ni tambarare, kwenda na kurudi kama kilomita 3, mwendo wa mama ni saa mbili na kupumzika. Vipande vya barafu ufukweni usivitegemee.

Uhakika ni helikopta. Inapaa Juneau inatua juu ya barafu yenyewe, mnavalishwa viatu vya kung'ata, mnatembea hatua chache. Bei hupita dola 300 kwa kichwa. Ndiyo maana nilisema chumba cha ndani. Mawingu yakishuka wanaghairi na kurudisha pesa, kwa hiyo chukua ya asubuhi, ikiahirishwa huenda mchana pakawa na nafasi.

MzeeWaKent

Na viza ya Kanada ikikwama, usife moyo. Rukeni Anchorage, hiyo ni ndege ya ndani ya Marekani. Pandeni treni mpaka Seward. Pale kuna boti za kutwa zinazokwenda hifadhi ya Kenai Fjords, zinasogea karibu na barafu na jioni mnalala nchi kavu. Barafu ya Exit iko nje tu ya mji, gari linafika karibu. Kanada hamjaigusa. Mimi kwa magoti ya mama pengine ningeanza na hii moja kwa moja, lakini najua watu mnapenda meli.

Viza yenyewe anaomba mtandaoni, ada dola 100 za Kanada na 85 za alama za vidole, anazitoa Nairobi. Anzeni sasa, msingoje awasili.

Mlalahoi254

Dada, ile ya kiwanja nilikuwa natania. Hiyo barafu ya Kilimanjaro nimesoma imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Mpeleke mama.

BintiTaveta

Mrejesho. Jana usiku nimejaza fomu ya Kanada na mama kwenye simu, yeye Taveta, mimi hapa. Binamu atampeleka Nairobi Jumatatu. Viza ikitoka tunachukua safari ya mwisho wa Mei yenye Glacier Bay, chumba cha ndani. Isipotoka, Seward. Tulipofika swali la sababu ya safari nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika nakwenda kushika barafu."

MzeeWaKent

Usiandike hivyo. Andika utalii.