Tupeane uzoefu: mlango wa kukunja ndani ya nyumba, mbao, alumini au plastiki?

Mama Wawili, Katubuka
Wadau wa Kigoma na Tabora, habari za jioni. Leo nimepita kwa seremala mmoja pale Mwanga nikamkuta anaranda mlango wa kukunja aliouuza mwaka jana. Umerudishwa. Mwenye mali amekaa juu ya gogo ameshika tama. Moyo ulinienda mbio, maana na mimi nimeacha uwazi wa mita 2.8 kati ya sebule na baraza, upande wa ziwani, na hela ya mlango ndiyo hiyo nimeishika. Nataka unaokunjika wote ukasimama pembeni, tukiwa na shughuli watu wakae ndani na nje kama chumba kimoja na upepo wa ziwa upite. Mume wangu anataka alumini na kioo. Baba mkwe anasema mninga, basi. Mwenye duka ananisukumia wa plastiki. Mlioishi nayo, naomba mniambie yaliyowakuta.

Ujiji Ndani
Plastiki weka stoo. Kwa jua la magharibi usijaribu kabisa mama. Wangu ulikaa miaka 2, mikunjo ikaanza kukatika kama biskuti, na ile rangi nyeupe ikawa ya meno ya mvuta tumbaku.

Mtu wa Isevya
Mwangaluka wote. Mimi niko Tabora, na huku ukisema hutaki mninga watu wanakushangaa. Nilitengenezesha wa vipande vinne mwezi wa 2, mvua zinanyesha kila siku. Mbao nilizikuta zimepangwa nje ya karakana, zina rangi nzuri, nikalipa palepale. Ulipofungwa ulikuwa unasukumwa kwa kidole kimoja. Ilipofika mwezi wa 8, kiangazi kimekolea, vumbi na upepo mkavu, kila kipande kimesinyaa. Kati ya kipande na kipande kidole kinapita. Usiku taa ya sebuleni inachora mistari ukutani chumbani kwa watoto. Nilimlaumu fundi, nikaulaumu na mti wenyewe. Kumbe kosa lilikuwa ubichi. Mninga ni katika mbao zilizotulia sana, haupindi hovyo, lakini ukiwa mbichi ni mbichi tu. Wazee wa kazi hii wanahesabu mwaka mzima wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Mimi niliuziwa mbao za wiki tatu.

Bangwe Kwetu
Wangu ulifanya kinyume chake. Ulitengenezwa Agosti, ukabana Januari.

Fundi Gongoni
Wote wawili mmepatwa na jambo moja. Ubao unavimba na kusinyaa kwa upana, kwa urefu hausogei wa kuuona. Mlango wa kawaida ukivimba milimita 3 unaranda upande mmoja, kazi imeisha. Huu wa kukunja una vipande vinne vimefungwa pamoja kwa bawaba. Kila kimoja kikiongeza 3 tayari una 12, na uwazi haujaongezeka. Ndiyo maana mtu anasema mlango wa mbao wa kukunja ni mbaya, wakati mbao ileile ameifanyia kabati na ametulia nayo.

Mama, ukienda kununua mbao omba kipande kifupi. Kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito, kiweke juu ya kabati ndani ya nyumba wiki mbili, kapime tena. Kikiwa kimepungua, kirudishe juu ya kabati usubiri. Rudia mpaka uzito usimame. Na ukishatengeneza, vanishi ipakwe pande zote sita, hadi kwenye ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi tunaacha chini kwa sababu hakuonekani, na huko ndiko maji ya kudekia yanakoingia.

Bangwe Kwetu
Umesema kweli fundi. Wangu umeoza chini tu, juu mzima kabisa.

Mlinzi wa Miombo
Mnaongelea mninga kama mnaongelea muhogo. Mti ule unachukua miaka mingi sana kufikia unene wa kupasua mbao. Nimezaliwa Sikonge, nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaupata nyuma ya mashamba, leo wapasuaji wanalala porini kuutafuta. Kila anayenunua aulize mzigo una kibali cha kusafirisha na gogo limegongwa nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kama muuzaji anakuletea usiku na anataka mshushe haraka, jua unanunua nini.

Mtu wa Isevya
Mkuu, mimi nilinunua mchana, sokoni, na risiti ninayo. Usinitie kwenye kapu la watu wa usiku.

Mlinzi wa Miombo
Sijakutaja. Lakini mbao ya wiki tatu ilitoka wapi ikiwa mbichi hivyo? Hilo hukuuliza, na wewe mwenyewe umesema ulilipa palepale.

Mtu wa Isevya
Sikuuliza. Hapo umenishinda.

Kasulu Baridi
Tumieni mtiki wa kupandwa au paini za Mafinga, msituni patulie. Paini ni nyepesi, bawaba hazichoki.

Fundi Gongoni
Mtiki sawa. Paini kwa mlango wa kukunja siwezi kumshauri mtu. Ni laini, skrubu zinalegea, na mlango huu maisha yake yote yapo kwenye skrubu za bawaba.

Kasulu Baridi
Fundi nina mlango wa paini mwaka wa 6 huu na haujalegea. Mchwa ndiye alikula fremu ya pembeni, mlango wenyewe mzima. Nilipaka fremu mpya oili chafu kabla ya kufunga.

Fundi Gongoni
Juu ya oili chafu vanishi haishiki, utakuja kuniambia.

Mjukuu, Mwandiga
Sikupanga kuandika. Nimesoma habari ya mlango "ukabana" nimeona niseme.

Bibi yetu tulimleta mjini alipoanza kushindwa kutembea. Nyumba ndogo, tukakata sehemu ya sebule tukampa. Kwa kuwa kitanda na kiti chake vilijaa, mlango wa kufunguka usingepata nafasi, tukaweka wa kukunja. Paini, vipande vinne, reli juu na reli chini. Ulipendeza. Wageni walikuwa wanausifia.

Mwezi wa 12 ikanyesha siku mbili mfululizo. Bati lilikuwa linavuja pale linapokutana na ukuta, maji yakawa yanashuka taratibu nyuma ya fremu, hatukuyaona. Bibi akasema anasikia baridi. Mtoto wa dada akampelekea jiko la mkaa, akavuta mlango joto lisitoke. Sisi tuko jikoni nyuma, mvua inapiga bati, hamsikilizani. Kama saa 3 usiku mama akaenda kumwita bibi ale. Kimya. Akavuta mlango, haukuja. Akaita kwa nguvu, kimya. Tukakimbia wote. Dirisha lina nondo, na pazia limeshuka, tunaona wekundu wa jiko tu.

Tulikuwa wanaume wanne tunavuta ule mlango. Ulikuwa umevimba ukajaa kwenye reli yote, juu na chini. Jirani akaja na shoka. Ule mlio sitausahau. Paini inapasuka kwa urefu, inatoka vijiti vijiti, na kila kipande kimeshikwa na mwenzake kwa bawaba, ukivunja kimoja vinabaki vitatu vimesimama. Tulipopata upenyo mimi nilipita kwa ubavu, shati likabaki kwenye mbao. Bibi alikuwa amelala upande, mdomo wazi, mwili mlegevu kama nguo iliyolowa. Tukamtoa hadi barazani juu ya mkeka, mvua inampiga usoni, mama anamwita kwa jina lake la utotoni. Akatapika. Hapo ndipo tukajua yupo.

Hospitali walimwekea oksijeni hadi asubuhi. Muuguzi akatuambia ile hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, mtu anasinzia tu. Bibi yuko hai. Lakini mtu asiniambie kuchagua mlango ni suala la mapambo.

Ujiji Ndani
Pole sana kaka. Mwili umenisisimka.

Shangazi wa Kitete
Mungu ni mwema mwanangu. Bibi anaendeleaje sasa? Anakula?

Kibirizi Mashua
Poleni. Ila tuseme kweli, hapo kosa ni jiko. Hata mlango wa chuma usingemdhuru kama mkaa ungebaki nje.

Mjukuu, Mwandiga
Jiko lilileta ile hewa, mlango ulituzuia kumfikia. Nilikuwepo kaka. Wewe unazungumza ukiwa umekaa.

Kibirizi Mashua
Naomba radhi. Sikutaka kukuumiza.

Shangazi wa Kitete
Nyote mko sawa, msigombane juu ya bibi wa watu. Mkaa usilale ndani, na chumba cha mgonjwa kisifungwe kwa kitu kinachohitaji wanaume wanne.

Fundi Gongoni
Mjukuu pole. Kwa ajili ya wengine: chumba cha kulala kikilazimika kuwa na mlango wa kukunja, hesabu ya vipande iwe witiri, vitatu au vitano, na kimoja cha pembeni kibebwe na bawaba za kwenye fremu, kifunguke peke yake kama mlango wa kawaida bila kutegemea reli. Vingine vikikwama, hicho kinatoka.

Mama Wawili, Katubuka
Nimesoma habari ya bibi nikamsomea na mume wangu, tumenyamaza wote wawili. Asante kwa kuisema. Naomba bado mnisaidie huu wa barazani. Alumini hakuna aliyenijibu.

Kibirizi Mashua
Mimi ninayo, mwaka wa 4, inatazama ziwa. Haiozi, haivimbi, mchwa hana habari nayo. Shida zangu ni mbili. Ya kwanza reli ya chini: upepo wa jioni unaleta mchanga, magurudumu yanasaga, nafagia kwa mswaki wa zamani kila Jumapili. Vitundu vya kutolea maji kwenye reli vikiziba, mvua ikipiga upande maji yanaingia sebuleni. Ya pili uzito, hii fundi wangu hakuniambia. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita moja ya mraba. Uwazi wako wa mita 2.8 ukigawa kwa vipande vinne, kila kimoja sentimita 70 kwa mita 2.1, ni kama kilo 22 za kioo peke yake. Mara nne, kilo 88, alumini hujaongeza. Ukichagua reli ya kuning'iniza juu, mzigo wote huo umebebwa na lenta, ile boriti ya juu ya uwazi. Yangu ilikuwa imeshuka kidogo katikati, milango ikawa inakaa chini kama mgonjwa. Nilibomoa.

Bangwe Kwetu
Kwa hiyo reli ya chini ndiyo ibebe. Lenta unaisahau.

Kibirizi Mashua
Hapana, chini kuna mchanga. Bora juu, ila uimarishe lenta kwanza.

Bangwe Kwetu
Mchanga unafagiliwa. Lenta haifagiliwi.

Fundi Alumini, Ipuli
Ongezeni na hili. Bonyeza fremu kwa kidole gumba dukani, ikibonyea iache hapohapo. Kioo kiwe cha tempa, kikivunjika kinakuwa punje punje, si rahisi kumkata mtoto vibaya. Na fundi aache nafasi mwishoni mwa reli: reli ya mita 3, jua likiipandisha nyuzi 30, inarefuka kama milimita 2. Ikikazwa ukuta kwa ukuta inajikunja, halafu watu wanasema alumini mbovu.

Ujiji Ndani
Na MDF je, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi? Kuna mtu kaniambia ni rahisi.

Fundi Gongoni
Ndani kabisa, mbali na maji. Ikinywa maji ukingoni inavimba kama mkate na skrubu zinachomoka zenyewe. Barazani kwa huyu mama, hapana.

Shangazi wa Kitete
Mwanangu wa Katubuka, nikwambie la moyoni. Mimi nilikuwa na wa mninga, mzuri, nikachoka kumwita fundi kila msimu. Nikautoa nikauuza, nikashona pazia zito la kitenge, safu mbili, la kushuka mpaka chini. Upepo unapita, wageni wanapita, nikitaka faragha navuta.

Ujiji Ndani
Shangazi, na wezi?

Shangazi wa Kitete
Baraza lina grili na kufuli mbili. Mwizi akishafika kwenye pazia ameshapita mengi.

Kasulu Baridi
Mvua ya upande je? Pazia la kitenge kwa mvua ya Kigoma?

Shangazi wa Kitete
Tabora hainyeshi hivyo. Hapo sina jibu.

Mtu wa Isevya
Mama mimi ningekuwa na uwazi wako ningefanya alumini kwa nje na mninga mkavu kwa milango ya ndani. Kila kitu mahali pake.

Mlinzi wa Miombo
Mninga mkavu wenye kibali.

Mtu wa Isevya
Wenye kibali, ndiyo.

Mjukuu, Mwandiga
Shangazi uliuliza. Bibi anakula vizuri, uji asubuhi na dagaa jioni. Pale palipokuwa na mlango hapana kitu sasa. Tulitaka kumwekea mwingine wa kufunguka, tukasogeza kiti, amekataa. Tumemtundikia kanga moja tu, na hata hiyo usiku anaomba ifungwe fundo juu, anataka aone sebule yote kutoka kitandani.

Mama Wawili, Katubuka
Nimetoka kupima lenta kwa uzi kama Kibirizi alivyonielekeza pembeni. Mume wangu ameshika upande mmoja, mimi mwingine, mtoto mkubwa ndiye kasoma rula. Katikati imeshuka milimita 9. Hela ya mlango nimeirudisha kabatini, mwashi anakuja Jumamosi.