Gari unakanyaga mafuta halivuti: tupeane uzoefu, kwako tatizo lilikuwa nini?

Wakuu habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya gari kukosa nguvu, maana watu wanabadilishiwa plagi, koili, pampu, hela inaisha na gari bado linagoma kuchanganya. Elezea dalili, mlipima nini na ikaonekana nini. Naanza mimi.

Kigari changu cha cc 1300 mjini kilikuwa poa ila ukipanda mlima Kitonga kinakata nguvu, unakanyaga mpaka chini resi haivuki 3000 na malori ya mzigo yanakuacha. Mafundi wawili wakasema giaboksi. Wa tatu, kijana wa Iringa, kabla hajabadilisha chochote akafungua sensa ya oksijeni ya mbele kwenye eksozi akaacha tundu wazi akaniambia haya twende. Kelele kama trekta lakini lilivuta mpaka nikashtuka! Masega (kile kichujio cha moshi kwenye eksozi, katalitiki) yalikuwa yameziba, moshi hauna pa kutokea kwa hiyo injini nayo haivuti hewa mpya. Tulipoyatoa tukamulika tochi, upande wa pili giza tupu, yameyeyuka yakagandana. Na chanzo chenyewe ni koili moja iliyokuwa inamisi (cheche zinaruka) muda mrefu, petroli isiyoungua ikawa inaenda kuunguzwa humo kwenye masega. Kwa hiyo koili kwanza ndo masega, ukiruka hiyo yanaziba tena.

Mdau wa Mwanza: Langu asubuhi safi kabisa, likishapata moto linakohoa, tena linachagua pale ninapoovateki basi, ni hatari sana jamani msiendeshe gari hivyo. Mashine ya kupima ikasoma kodi P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Fundi akafunga geji ya presha kwenye reli ya nozeli, injini yangu inatakiwa psi 44 hadi 50, ikawa inacheza 30 na ukivuta resi inashuka tena. Pampu imechoka na kichujio cha ndani ya tenki kimejaa tope jeusi.

Dada wa Mombasa: Yangu ilikuwa pedali jamani. Taa ya injini inawaka, gari inatambaa tu hata ukanyage vipi, ukizima ukiwasha inarudi sawa halafu kesho yake tena. Ilisoma P2138. Kumbe pedali za umeme zina sensa mbili, zisipokubaliana kompyuta inakubania mafuta kwa usalama wako. Mekanika alichomoa soketi ya pedali akakuta pini zina ukijani wa kutu, maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya kapeti. Akasafisha na spreyi ya umeme, pedali mpya sikununua.

Mdau wa Dodoma: Ea klina, yaani kichujio cha hewa. Vumbi limeshona kabisa. Anzeni na hapo, unafungua mwenyewe kwa mkono.

Fundi wa Morogoro: Niongezee kwa wanaosafisha throto (mlango wa hewa ya injini). Zile za umeme chomoa terminali ya betri kwanza, usisukume kile kisahani kwa kidole wakati swichi iko on, unaua gia zake za plastiki. Na sensa ya hewa msiifute na kitambaa wala kupuliza na kompresa, uzi wake ni mwembamba sana, ina spreyi yake. Ukimaliza usishtuke sailensa (resi ya injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda kidogo, ipe muda kompyuta ijifunze upya.