Ushauri: viti au mabenchi kwa chumba cha kujisomea cha mtaa?

Mzazi wa Mbagala: Habari zenu wakuu. Wazazi wa mtaa wetu tumepata chumba cha vijana wa sekondari kujisomea jioni, maana nyumbani kuna TV, wadogo zao na meza hakuna. Rangi na taa tayari, tumekwama kwenye viti. Wengi kwenye kamati wanataka mabenchi, watoto waenee kwa hela kidogo. Mimi naona mtoto anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne hawezi kukaa saa tatu bila egemeo akaelewa kitu. Naambiwa napenda anasa. Mafundi na waliowahi kusimamia maktaba, naombeni mawazo.

Kaka Mkubwa: Sisi tulisoma kwenye mabenchi na tukafaulu. Nunueni mabenchi, hela inayobaki iwe ya vitabu.

Mwalimu mstaafu: Kaka, darasani kipindi ni dakika 40, na kila mwalimu akiingia mnasimama kumsalimia. Kujisomea hakuna kengele. Mgongo ukianza kuuma mtoto anafunga daftari na kutoka nje kupiga soga, wala hasemi kama ni kiti. Hivyo vitabu atavisoma nani?

Seremala Keko: Mkuu, hiyo si anasa hata kidogo. Ila usianze na sponji, anza na futi kamba. Kiti sm 43 hadi 46 toka sakafuni, meza sm 72 hadi 75. Meza ikiwa juu mno mtoto anapandisha mabega, ikiwa chini anainama shingo. Shida kubwa ninayoiona ni watu kuchongesha meza kwa fundi huyu na viti kwa yule, vipimo haviongei. Pale pa kukalia pasiwe parefu kwenda nyuma: akiegemea, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo na nyuma ya goti. La sivyo miguu inakufa ganzi. Egemeo lilale nyuma kidogo na lishike kiuno, siyo mabega tu.

Bibie wa Temeke: Na joto la Dar je? Viti vya ngozi mwezi wa pili mtoto ananata. Bora mbao iliyochongwa vizuri au kamba ya kusuka. Kidato cha kwanza wengine bado wafupi, wawekeeni kibao cha kukanyagia.

Mzazi wa Mbagala: Asanteni sana, nimepata cha kusema kwenye kikao. Ila hela ya viti vya chumba kizima kwa mkupuo haipo.

Seremala Keko: Basi chongesheni nusu, chumba kijae taratibu. Kabla ya hapo agiza kiti kimoja na meza moja tu za mfano. Waje mtoto mrefu na mfupi, wakae waandike ukurasa mzima mbele ya fundi. Kinachowabana kirekebishwe hapohapo, ndipo utoe advansi ya vilivyobaki.