Northern Lights, Hindu Kush au Granddaddy Purple: bangi ipi nipande nyuma ya nyumba hapa Ontario?

mkazi_wa_hamilton
Wakuu habari za jumapili. Nauliza kwa wale tulio Kanada au kokote kunakoruhusiwa. Nina kiuwanja kidogo nyuma ya nyumba, jua linapiga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na sheria toka oktoba 2018 inaniruhusu mimea minne kwa nyumba (kwa nyumba, sio kwa kichwa, msije mkajichanganya). Nataka indika (ile bangi ya majani mapana inayosifiwa kulegeza mwili) nzito ya usiku, sio ile ya kukufanya uanze kupanga kabati saa saba. Nimechuja zimebaki hizo tatu. Mke wangu anataka Granddaddy kwa sababu ya ile rangi ya zambarau, mimi najali nguvu yake na kama itawahi kuiva kabla baridi haijashika. Aliyepanda aseme.

bint_mvita
Northern Lights, habari kwisha. Damu yake kubwa ni ya Afghanistan, ikakuzwa Marekani, halafu miaka ya 80 ikafika Uholanzi mikononi mwa Nevil Schoenmakers yule muuza mbegu ndo ikasambaa dunia nzima. Ni mmea mfupi, majani mapana, pingili zimekaribiana, haukusumbui. Ukipanda ndani kwa taa, siku ukibadilisha ikawa masaa 12 mwanga na 12 giza hesabu wiki 7 hadi 9 unavuna. Nje hapo kwenu itaanza kutoa maua agosti siku zikianza kufupika, mwisho wa septemba au oktoba mwanzoni umemaliza. Watu wanasema haina harufu kali, ni kweli ukiilinganisha na hizi kush nyingine, lakini wiki za mwisho jirani ataisikia tu bana.

mzee_wa_kipupwe
Hapana mimi napinga. Mtu akitaka indika ya kweli akachukue Hindu Kush, hiyo ni mbegu ya asili ya milima yenyewe kati ya Afghanistan na Pakistan, kule ndo wanakotengeneza hashishi toka enzi na enzi, na ule utomvu wote unaouona kwenye maua umetokana na mazingira hayo, kiangazi kifupi kikavu na baridi ikiingia mapema, mmea ukachagua kuwa mfupi na kuwahi kumaliza. Ladha ni ya udongo na kama sandali hivi. Stimu yake inashuka mwilini polepole, mabega yanalegea, halafu kope, halafu tafuta kitanda.

msambaa_berlin
@mzee_wa_kipupwe umesema mwenyewe, "kikavu". Sasa Hamilton iko kando ya ziwa, septemba asubuhi umande unalowesha kila kitu. Maua ya Hindu Kush yamebana kama ngumi, maji yakiingia katikati hayatoki, na hapo ndo unaletewa ukungu wa kijivu. Na huuoni kutoka nje! Dalili yake ya kwanza ni jani moja dogo linalochungulia kwenye ua linageuka njano peke yake wakati wenzake wazima, ukilivuta linatoka bila kubishana, ukifungua ua hapo unakuta ndani kahawia na vumbi la kijivu. Ukishaona hivyo kata sehemu yote na ushuke chini zaidi ya unapoona ugonjwa, tupa, usijidanganye eti utakausha uvute. Na Granddaddy ndo mbaya kuliko zote kwa hili, maua yake makubwa na mazito na inachelewa kuiva kuliko Northern Lights. Shemeji asamehe.

Na hiyo zambarau watu wanaipa sifa za bure. Ni anthosiani tu, rangi ile ile ya kabichi ya zambarau, usiku ukiwa wa baridi inajitokeza zaidi. Haina uhusiano na nguvu.

mkazi_wa_hamilton
😂😂 nimemsomea mke wangu hiyo ya kabichi, kanuna.

chipukizi_arachuga
wakuu mimi niko Arusha, nani anaweza kunitumia mbegu za hiyo northern lights hata tano tu nikajaribu huku, udongo tunao mzuri sana na ya kwetu yenyewe inakubali bila mbolea

bint_mvita
Mdogo wangu futa hiyo komenti. Tanzania kulima ni kosa zito, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina mchezo, DCEA, ile mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, wanafyeka mashamba Arumeru kila mara na watu wanaozea ndani. Kenya ni vile vile. Na hata sisi huku, kuvusha mpaka wa Kanada na bangi, kuingia au kutoka, ni jinai hata kama ina cheti cha daktari. Hakuna mtu hapa atakutumia kitu.

mzee_wa_kipupwe
Halafu kijana hiyo ya kwenu ni mmea mwingine kabisa kwa tabia. Bangi ya ukanda wetu, kuanzia huko mpaka Malawi, ni ndefu, majani membamba kama vidole vya mpiga zeze, na kwa sababu karibu na ikweta mchana haupishani sana na masaa 12 mwaka mzima haina haraka, inatoa maua taratibu miezi na miezi. Ukiileta Ontario theluji inaikuta bado haijaiva. Ndo maana hawa wa majani mapana wanapendwa huku, ni suala la kalenda kwanza kabla ya stimu.

nesi_wa_zamu
Naomba niingie maana naona "indika nzito ya usiku" inarudiwa kama dua. Mimi nipo Edmonton, nafanya kazi hospitali. Hayo majina indika na sativa (hii ya pili ndo watu wanasema inachangamsha) yalianza kama majina ya mimea, wataalamu wa mimea ndo waliyatoa, Linnaeus 1753 akaita sativa, Lamarck 1785 akapewa sampuli kutoka India akaita indika, hakuna aliyekuwa anaongelea usingizi. Leo mbegu zimechanganywa mno, na watafiti waliopima vinasaba wamekuta lebo ya dukani haiendani sana na nasaba ya mmea. Kinachokulaza ni kiasi cha THC (ile kemikali inayolevya) ulichovuta, umezoea kiasi gani, na pengine terpeni, yaani kemikali za harufu, hasa mirsini ambayo kweli inapatikana sana kwenye zinazoitwa indika. Kwa hiyo Northern Lights mbili kutoka wauzaji wawili zinaweza zikawa ndugu wa mbali tu.

Na nguvu jamani. Bangi ya sasa yenye THC asilimia 20 na zaidi sio msokoto aliovuta babu. Ikizidi, haikulazi, moyo unakwenda mbio, hofu inakushika, unadhani unakufa. Tunawapokea kila wiki, na wengi ni waliokula, sio waliovuta, maana ukila inachukua nusu saa mpaka masaa mawili kuanza, mtu anaona kimya anaongeza kipande, halafu vyote vinapanda pamoja. Kwa anayeanza kula, miligramu 2.5 za THC au chini, kisha usubiri, asubuhi utajua.

mzee_wa_kipupwe
Dada heshima yako, lakini mimi mgongo wangu unajua tofauti ya kush na Durban, ile sativa ya Afrika Kusini, bila maabara.

nesi_wa_zamu
Sibishani na mgongo wako mzee wangu 😊 nasema tu mtu asinunue jina. Na mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili kwenye familia, au aliye chini ya miaka 25, hii ya THC kubwa akae nayo mbali. Pia anayeitumia kila usiku kwa ajili ya usingizi ajue siku akiacha ndoto zitamjia kwa fujo na usingizi utakatika wiki kadhaa. Na wale wanaotapika asubuhi kisha wanapata nafuu kwenye maji ya moto, hiyo ni bangi yenyewe inayofanya hivyo, msiongeze dozi.

msambaa_berlin
Nirudi kwenye kilimo. Huku Ujerumani toka aprili 2024 ni mimea mitatu kwa mtu mzima na gramu 50 nyumbani, mimi natumia balkoni, na nimeishia kwenye Northern Lights ya autoflawa. Hii imechanganywa na ruderalis, aina ya bangi ya mwituni, haisubiri siku zifupike, kutoka mbegu mpaka kuvuna ni kama wiki 10 hadi 12, kwa hiyo ukipanda mwisho wa mei unavuna agosti wakati bado kukavu, ukungu unausikia kwa wenzako. Hasara yake mavuno kidogo, na ukiikatakata au kuihamisha chungu ovyo inadumaa maana haina muda wa kupona. Iweke moja kwa moja kwenye chungu cha kitambaa cha lita 15 hivi, udongo mwepesi, na maji usimwage kila siku, inua chungu kwanza, kikiwa chepesi ndo mwagilia.

Kuvuna usiangalie wiki kwenye pakiti, nunua lenzi ndogo uangalie vile vitone vya utomvu. Vikiwa kama kioo bado. Vikigeuka maziwa nguvu imefika. Ukiacha vingine viwe rangi ya asali stimu inakuwa ya kusinzia zaidi, ndivyo wakulima wengi wanavyosema. Kisha kausha gizani, nyuzi 18 hadi 20, unyevu asilimia 60, kama wiki moja na nusu, ukikausha haraka juu ya hita utavuta majani makavu yenye harufu ya nyasi.

bint_mvita
Na kama umepanga nyumba soma mkataba, mwenye nyumba anaweza kukataza. Uzio na kufuli, una watoto. Kuendesha gari asubuhi ya pili pia fikiria, hapa Kanada kosa linaanza nanogramu 2 za THC kwa mililita moja ya damu.

mkazi_wa_hamilton
Nyumba ni yangu, kufuli lipo. Basi naenda na Northern Lights mbili za autoflawa na Hindu Kush moja nitaiweka ukutani upande wa jua chini ya bati la plastiki isilowe, mzee asije akaninunia. Ya nne nimemwachia mke wangu, kabichi yake. @msambaa_berlin hizo autoflawa ukungu mweupe kama unga kwenye majani unazipata au huo ni wa maboga tu?

msambaa_berlin
Zinapata. Achanisha vyungu upepo upite katikati, na toa majani ya chini yasiyoona jua.