Bando iishe kwa saa, au iishe kwa kutumika?

Mtongwe Kwetu: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilazimishe kampuni za simu kuuza data isiyo na tarehe ya kuisha, au tuendelee hivi hivi na bando za saa moja, za siku na za wiki, ambazo muda ukifika salio limekwenda? Mimi nasema ilazimishe. Ukinunua kilo ya unga hapa Mombasa, soko la Kongowea, muuzaji haji usiku kukomba kilichobaki kwenye debe lako. Ibara ya 46 ya Katiba inataja wazi ulinzi wa maslahi ya kiuchumi ya mtumiaji. Na mitambo inaweza: Safaricom ilianza kuuza data isiyoisha muda Oktoba 2019. Kilichobaki ni amri tu.

Fundi Minara: Mfano wa unga ndipo tunapoachana, ndugu. MB haina ghala. Unachouziwa ni nafasi hewani, na nafasi hiyo huhesabiwa kwa sekunde. Mnara kwa kawaida una pande tatu. Upande mmoja wa 4G wenye masafa ya upana wa megahezi 20 na antena mbili unafika Mbps 150 (megabiti kwa sekunde) kwenye karatasi. Mtaani, kwa sababu ya kuta na minara jirani inayoingiliana, watu wote wa upande ule wanagawana kama 30 hadi 40. Sasa ichukue Kisauni saa 3 usiku: simu 40 zimefungua video, kila moja inataka Mbps 2. Hizo ni 80. Ndipo kile kiduara kinapoanza kuzunguka kwenye kioo. Saa 10 alfajiri mnara ule ule uko mtupu, na utupu ule hauwekwi akiba ya kesho. Bando za bei ya chini zinatoka hapo. Futa muda, na bando ndogo ya saa moja itakuwa ya kwanza kupanda bei. Atakayeumia ni yule anayenunua kwa sarafu.

Binti Tudor: Hesabu ya mnara naikubali yote, kaka, ila haitetei kufuta salio. Mtu ana GB 2 za siku, ametumia moja. Iliyobaki akiitumia kesho alfajiri hauongezei mnara mzigo wowote. Lakini akijua itakufa saa 6, ataimaliza leo saa 4 usiku, saa ile ile unayoililia. Kuisha muda kwenyewe kunaleta msongamano! Kama shida ni saa ya watu wengi, basi bei itofautiane kwa saa ya kutumia.

Na liko jambo kubwa zaidi: kasi imekua, kipimo cha kuuzia kimebaki kile kile. GB 1 kwa Mbps 2 za 3G inachukua zaidi ya saa nzima kushuka. Kwa Mbps 20 ni dakika 6 na sekunde 40. Kwa Mbps 200 za 5G ni sekunde 40. Video haishuki yote kwa mpigo, ni kweli, lakini programu ikiona njia ni pana inapandisha ubora yenyewe: saa moja ya picha ya kawaida haifiki GB 1, ile kali inakwenda hadi 3. Hujaulizwa.

Kwa hiyo, kabla ya amri yoyote: funga video kwenye 480p, ubora wa kawaida, weka programu zijisasishe kwa Wi-Fi pekee, zima upakuaji wa picha na video kwenye WhatsApp. Ukiigawia kompyuta data ya simu, iambie kompyuta kwamba mtandao huo una kipimo (metered), la sivyo Windows itashusha masasisho yake kimya kimya. Kisha ingia menyu ya laini yako uzuie data isile kredo, ile pesa ya kupigia simu. Bando ikikatika katikati ya upakuaji na kredo iko wazi, simu inaendelea kwa bei ya rejareja, na hiyo ni kali.

Fundi Kibokoni: Nyote mnahesabu kama watu walio nje. Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kupita urefu wa mkono hadi kiwiko. Masafa ya juu ya 5G hayapenyi vizuri huko. Dirishani ruta inasoma -85 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokwenda chini ya sifuri, ndivyo yanavyodhoofika), chumba cha ndani -112, na usafi wa mawimbi unashuka chini ya sifuri, yaani kelele imeyazidi. Hapo bando ya saa moja inakufa nusu haijatumika, na si uvivu wa mwenyewe, mtandao ndio haukumfikia. Bei ni moja, mzigo ni nusu. Hili kwangu ndilo linalouma.

Ruta iwekwe dirishani upande wa mnara, juu, mbali na friji. Antena ya nje ikiwekwa, viungo vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana chumvi ya bahari inakula shaba na mtu analaumu kampuni.

Mhasibu Changamwe: Msisahau serikali. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa data kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 100 data halisi ni kama 75.

Mtongwe Kwetu: Basi nalegeza. Bando za muda zibaki, lakini salio lihamie kwenye bando inayofuata mtu akinunua tena kabla ya siku 7. Kredo iwe imefungwa tangu laini inapowashwa, mwenye laini ndiye aifungue. Na bei ya GB moja isiyoisha iandikwe kando ya ile inayoisha, kwenye menyu ile ile.

Fundi Minara: La kredo na la bei, nakuunga mkono bila sharti. La salio kuhamia, nakubali kwa bando za siku na wiki. Zile za kutumia usiku pekee ziachwe: salio la saa 10 alfajiri likihamia saa 3 usiku, tumerudi kwenye zile simu 40 za Kisauni.

Binti Tudor: Lihamie, ila litumike saa zile zile za usiku. Mtambo unaojua kukata saa 12 asubuhi kamili unajua pia kusubiri hadi usiku.